Barua ya wazi kwa mjomba anayesema kiungulia kimemwisha

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeamua kukuandikia hadharani, bila kutaja jina lako wala mahali unapoishi, kwa sababu kila nilipojaribu kulizungumza jambo hili nawe ana kwa ana ulinikatiza kwa upole, ukaniambia kuwa ni kiungulia tu, na kwamba siku hizi hata hicho kimekwisha. Naamini pia wako wajomba, shangazi na baba wengi wanaomeza vidonge kimya kimya kwa miaka, na huenda mmoja wao akayasoma maneno haya kabla yako.

Mara ya mwisho tulipokula pamoja niliketi mkabala nawe. Nilikuona ukikata nyama vipande vidogo kuliko ulivyozoea, ukitafuna kwa muda mrefu, na kila baada ya tonge ukinywa funda la maji kama anayesukuma kitu kilichokwama. Mkate hukuugusa. Wewe ambaye siku zote huwa wa kwanza kuinuka mezani, siku ile ulikuwa wa mwisho, na nilipokuuliza ulinijibu kwamba meno yanazeeka. Mjomba, meno yako ni mazima. Nilichokiona ni mtu ambaye njia ya chakula imeanza kumbana, naye amejifunza kuizoea hali hiyo bila kumwambia yeyote, pengine hata bila kujikiria mwenyewe.

Mimi si daktari, nawe unalijua hilo. Ninaandika kama mtu aliyeishi na kiungulia kwa zaidi ya miaka kumi, aliyekosea mengi katika kujitibu, na ambaye hatimaye alipimwa akaambiwa ukweli ambao hakuutarajia. Kwa muda wote ule niliwaambia watu kwamba nina vidonda vya tumbo. Hakuna aliyewahi kutazama ndani akaviona; nilijipa jina hilo mwenyewe kwa sababu ndilo jina ambalo wengi wetu hulipa kila maumivu ya chembe cha moyo, kisha nikanunua dawa kulingana na jina hilo.

Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25 kwa mtu mzima, unaoteremsha chakula kutoka kooni hadi kwenye mfuko wa tumbo. Mwisho wake pana msuli wa mviringo ufanyao kazi ya mlango: hufunguka chakula kinapofika, kisha hujifunga. Mfuko wa tumbo umejaliwa ute mzito unaoukinga dhidi ya asidi yake wenyewe, lakini umio haukupewa kinga ya namna hiyo. Mlango ule ukilegea, au sehemu ya mfuko wa tumbo ikipenya na kupanda juu ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, asidi hupanda mahali isipostahili kuwapo, na hapo ndipo kifua huwaka, mdomo hujaa uchachu, na usiku mtu huamka akikohoa au sauti ikiwa imekauka. Kitambi huzidisha hali hii kwa kuukandamiza mfuko wa tumbo kutoka nje, sigara huulegeza ule mlango, na zipo dawa za presha na za moyo zenye athari kama hiyo, ndiyo maana daktari anapaswa kuambiwa kila dawa unayotumia. Nitaje kwa ufupi jambo moja ambalo halihitaji kungoja barua: maumivu ya kifua yanayoenea mkononi, shingoni au tayani, yakiambatana na jasho au kukosa pumzi, yachukuliwe kuwa ya moyo, na mtu akimbizwe hospitali mara moja.

Sasa nifike kwenye kile unachokiita kupona.

Umio ukiunguzwa na asidi kwa miaka mingi, ngozi yake ya ndani inaweza kubadilika. Seli bapa zilizoumbwa kwa ajili ya kupitisha chakula huondoka, na mahali pake huota seli ndefu zinazofanana na za utumbo, ambazo huistahimili asidi vizuri zaidi. Hali hii huitwa umio wa Barrett, kwa jina la Norman Barrett, daktari wa upasuaji wa Uingereza aliyeiandikia mwaka 1950. Nataka usome sentensi inayofuata mara mbili. Kwa kuwa ngozi hiyo mpya huenda isiihisi asidi kama ile ya kwanza, mtu aliyeteseka na kiungulia kwa miaka anaweza kuona maumivu yakipungua wakati ambapo hali ya umio wake si salama kuliko zamani. Dawa nazo hutuliza maumivu, na ni vyema zinatuliza, lakini utulivu huo haumwambii mtu lolote kuhusu sura ya umio wake. Kwa hiyo uliponiambia kwa furaha kwamba kiungulia kimekwisha, huku nikikutazama ukisukuma kila tonge kwa maji, sikuweza kufurahi pamoja nawe.

Naijua hali ya Barrett kwa sababu ninayo. Iligunduliwa nilipokubali kupimwa, baada ya kuahirisha mara tatu kwa visingizio ambavyo leo sivikumbuki hata kimoja. Usishtuke: wengi wenye hali hii hawapati saratani kamwe, na kwa mtu ambaye seli zake hazijaanza kuharibika, uwezekano wa kuipata katika mwaka mmoja ni chini ya mtu mmoja kati ya 100. Tofauti yangu na yule asiyejua ni kwamba mimi huangaliwa kila baada ya miaka michache, na seli zikianza kuonyesha dalili mbaya zinaweza kuondolewa kwa kukatwa au kuunguzwa kwa joto kupitia kwenye kifaa kilekile cha kupimia, bila kufunguliwa kifua. Wanaoshauriwa zaidi kupimwa ni wale waliosumbuliwa na kiungulia kwa miaka mingi na ambao pia ni wanaume, wamevuka miaka 50, wana unene wa tumboni, wamewahi kuvuta sigara, au wana mzazi, ndugu wa kuzaliwa naye au mtoto aliyepata Barrett au saratani ya umio. Jihesabu mwenyewe, Mjomba, uone umeangukia mara ngapi.

Saratani ya umio ina sura mbili kubwa. Moja huanzia katika seli zinazofanana na za tezi, sehemu ya chini ya umio, nayo ndiyo inayohusiana na asidi na hali ya Barrett. Nyingine huanzia katika zile seli bapa za asili, na ndiyo iliyo nyingi zaidi duniani. Chanzo chake kikubwa ni tumbaku na pombe, na viwili hivyo vikikutana katika mtu mmoja madhara yake huzidi sana. Uliacha sigara, nami sitachoka kukushukuru kwa hilo. Lakini bado unakunywa vinywaji vikiwa vinafuka mvuke, ukijivunia kwamba ulimi wako hauungui. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliviweka vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio kwa binadamu. Kisababishi ni joto lenyewe. Kinywaji hakina kosa. Kiache kikombe kipoe kidogo, ndilo jambo rahisi kuliko yote ninayokuomba humu.

Mwaka 2022 watu takriban 511,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani hii, na takriban 445,000 walifariki kwa ajili yake. Namba hizi mbili zimekaribiana mno, na sababu yake naiona kila ninapokumbuka meza ile. Umio hutanuka. Uvimbe unaweza kukua ndani yake kwa muda mrefu huku chakula kikiendelea kupita, na njia inapoanza kubana mwenyewe hubadilisha namna ya kula: kwanza huacha nyama na mkate, kisha hupendelea vyakula laini, halafu hubaki na uji na supu, na kila hatua huiona kuwa ni umri au uvivu wa meno. Anapofika hospitali kwa sababu hata maji hayapiti, ugonjwa mara nyingi umekwisha kusambaa. Kumeza kwa shida, kuhisi chakula kimekwama kifuani, maumivu wakati wa kumeza, kupungua uzito bila kukusudia, kutapika damu au kitu kama masalia ya kahawa, choo cheusi kama lami, upungufu wa damu, sauti ya kukwaruza isiyopona: lolote kati ya hayo latosha kumpeleka mtu kwa daktari, na lile la kumeza kwa shida lisingojeshwe hata mwezi mmoja. Nawe mkanda wako umetobolewa tundu jipya. Nililiona.

Kuhusu kuishi na asidi yenyewe, nikueleze makosa yangu ili usiyarudie. Kwa miaka minne nilimeza omeprazoli usiku, baada ya kula, nikiwa tayari kitandani, kisha nikalalamika kwamba haifanyi kazi. Dawa za kundi hilo huzuia vile viwanda vidogo vya asidi vilivyomo katika ukuta wa mfuko wa tumbo, na huvikamata vizuri zaidi vinapoamshwa na chakula, kwa hiyo kwa kawaida humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Nilipobadilisha saa tu, dawa ileile ikawa kana kwamba ni nyingine. Nikakosea tena kwa kuiacha ghafla nilipopata nafuu, na asidi ikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Jambo hilo hutokea kwa wengi waliozitumia kwa muda mrefu, na ndiyo sababu kuziacha kwafaa kupangwa na daktari. Maziwa niliyokuwa nikinywa usiku yalinituliza kwa dakika chache, kisha tumbo likatoa asidi zaidi ili kuyasaga.

Kilichonisaidia zaidi ya yote ni kitanda na saa. Siku hizi sili chochote katika saa tatu kabla ya kulala. Nimeinua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20, kwa vipande imara vya mbao, kwa maana kurundika mito hukunja tumbo katikati na kuzidisha msukumo. Nalala kwa ubavu wa kushoto, kwa kuwa katika mkao huo mfuko wa tumbo hukaa chini ya mdomo wa umio. Nimepunguza uzito, polepole, na kila kilo iliyotoka nimeiona faida yake. Kuhusu vyakula, sikupewa orodha ya kumfaa kila mtu. Niliandika katika daftari nilichokula na kilichofuata, na baada ya wiki tatu daftari likanionyesha maadui zangu, wachache kuliko nilivyodhani.

Lakini hayo yote, Mjomba, ni ya mtu ambaye umio wake umekwisha kutazamwa. Wewe usianze na mbao za kitanda, anza na kipimo.

Kipimo chenyewe huitwa endoskopi. Utaambiwa usile kwa saa kadhaa kabla yake, kwa kawaida sita au zaidi. Utalala kwa ubavu wa kushoto, utapuliziwa dawa ya ganzi kooni au kuchomwa sindano ya kukusinzisha, kisha mpira mwembamba wenye kamera utapitishwa mdomoni hadi tumboni. Niliogopa kukosa hewa, lakini mpira hupita katika njia ya chakula na ile ya hewa hubaki wazi. Wakiona mahali panapotia shaka, huchukua vinyama vidogo vya kupima maabara, nawe hutahisi chochote. Mimi nilimaliza kwa takriban dakika kumi. Ukisinzishwa, utahitaji mtu wa kukusindikiza nyumbani, na usiendeshe gari siku hiyo.

Tena si lazima kitakachoonekana kiwe saratani. Umio huweza kubanwa na kovu lililoachwa na asidi, na kovu hilo huweza kutanuliwa katika kipimo hichohicho. Huweza pia kuwa misuli ya ule mlango imegoma kulegea, na hilo lina matibabu yake. Na hata ikiwa ni saratani, iliyokamatwa ikiwa ingali katika ngozi ya juu huweza kuondolewa kupitia mpira uleule, wakati iliyochelewa hudai upasuaji mkubwa, dawa kali na mionzi, bila uhakika. Ninaogopa kama unavyoogopa. Ninachokiogopa zaidi ni wewe kuendelea kukonda mbele ya macho yetu huku sote tukizungumza habari za meno.

Nimezungumza na mama, naye anajua ninakuandikia. Jumatatu na Alhamisi nina nafasi kuanzia asubuhi, na nimeweka kando siku zote za aina hiyo katika wiki mbili zijazo. Niambie tu ipi inakufaa, nitakuja kukuchukua mapema. Uje na dawa zako zote ndani ya mfuko mmoja, hata zile ulizoacha kuzitumia, na ukiulizwa na daktari umeanza lini kunywa maji kila baada ya tonge, tafadhali mwambie kweli.

Wako akupendaye,
mpwa wako