Mbona jina lenu bado limo kwenye programu niliyoilipia?

Hili swali limerudi tena wiki hii, na safari hii mteja kaja ofisini kabisa kanuna. Kabofya kulia kwenye programu ya mauzo, kaingia kwenye maelezo ya faili, kakuta neno Copyright na jina letu, basi anaona kapigwa. Boss, hujapigwa. Ulilipia ruhusa ya kuitumia dukani kwako, iko kwenye karatasi uliyosaini. Programu ni jasho letu na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inatulinda hata tusipoandika kitu, ila tunaandika ili siku mtu akiikopi tusianze kubishana nani kaitengeneza.

Sasa kuna njia ya mkato watu wanaipenda sana. Mwenye duka la dawa mmoja alimpa kijana wake afungue exe (faili lenyewe la programu) kwa hex editor, kifaa cha kuhariri baiti za faili moja moja, afute jina letu aweke la duka. La kwetu herufi 14, la duka 22, kijana kashindilia tu, kila kilichofuata nyuma kikasogea baiti nane, na exe haitaki kusogezwa, inatafuta vitu vyake kwa namba ya mahali vilipo. Jumamosi asubuhi, foleni mpaka nje, programu haifunguki, na kopi ya zamani hakuweka. Kumrudishia kila kitu kulikula mara tatu ya ile hela ya kuwekewa jina la duka aliyoikwepa. Na hata ukijaza herufi zinazolingana, exe zetu tunazisaini kidijitali, ukigusa baiti moja saini imekufa.

Halafu kuna wale wanaosema "si mstari mmoja tu huo, mbona mnachaji". Na sisi zamani tulidhani hivyo. Mstari wetu wa Copyright tuliuandika juu kabisa ya faili la kodi (maandishi ya programu tunayoandika sisi), static, yaani wa ndani ya faili hilo tu, kompaila inayogeuza kodi kuwa exe ikaona hakuna anayeutumia ikautupa, wala haikutuambia. Tulikuja kushtuka siku tumekuta programu yetu inauzwa na mtu mwingine, tukapitisha strings (kifaa kinachotoa maneno yanayosomeka ndani ya faili) kwenye exe, jina letu halimo. Aibu yake acha tu. Siku hizi mstari unatokea kwenye dirisha la Kuhusu na chini ya ripoti ya kufunga siku, kwa hiyo unatumika na kompaila haiugusi, halafu strings tunapitisha kwenye exe ileile ya mwisho anayoondoka nayo mteja, sio ya majaribio. Na Copyright tunaiandika kwa herufi, maana ile alama ya © iliwahi kutoka "Â©" kwenye risiti za duka moja, wiki nzima wanamsingizia printa.

Jina la duka lako tunaweka, juu ya risiti na kwenye Kuhusu, elfu 40, unasubiri hapahapa. Ukitaka iwe yako moja kwa moja pamoja na kodi zake (kodi za programu, sio za TRA), huo ni mkataba mwingine, njoo tukae, bei yake siitaji kwenye simu.