Kilele cha 64 kisisomwe haraka

Mhariri,

Habari nyingi kuhusu molekuli za pete zilizoko angani huishia kusema kwamba mwanga wa nyota huzivunja. Hapo mambo mawili yanachanganywa. Ioni ya aromatiki, yaani molekuli ya pete iliyokwisha kupoteza elektroni, ikimeza fotoni (chembe ya mwanga) huweza kutoa elektroni nyingine, ikabaki nzima yenye chaji mbili. Au hubaki na nishati ile mwilini mpaka itupe atomu ya hidrojeni, au kipande cha asetilini. Molekuli kubwa kama koronini huhitaji chini ya eV 12 (elektronivolti, kizio cha nishati) kutoa elektroni ya pili, na fotoni za kiasi hicho zimo hata kwenye mawingu ya hidrojeni isiyo na chaji, ambayo huzuia zile za zaidi ya eV 13.6. Kwa hiyo kuvunjika si hatima pekee.

Chukueni naftalini, C10H8, ile ya vidonge vya kufukuzia nondo. Tungamo lake ni 128, na elektroni ya kwanza hutoka kwa eV 8.14. Leza ya nanomita 266 hutoa fotoni za eV 4.66, kwa hiyo zinatakiwa mbili. Tatizo ni kwamba ioni ikishazaliwa huendelea kumeza fotoni za mpigo uleule wa leza, na kwenye mchoro wa tungamo (spektra) vilele vya 127 na 102, yaani ioni iliyopoteza hidrojeni na iliyopoteza asetilini, hutokea kabla hujaanza jaribio lenyewe. Dawa yake ni kutumia leza mbili: moja ya kuzalisha ioni, na nyingine ya kuzipiga baada ya kuzikamata kwenye kitego (chombo cha kuzishikilia ioni), kuondoa vipande na kuzipoza kwa heliamu.

Hata hapo fotoni moja ya 266 haitoshi. Kifungo cha hidrojeni kinataka karibu eV 4.5, lakini nishati hiyo hutawanyika katika mitetemo 48 ya ioni. Nafasi ya kukusanyika mahali pamoja ni ndogo mno, na ioni hupoa kwa kutoa mionzi ya infraredi au kwa kugongana na heliamu. Ili kujua ni fotoni ngapi zilizotumika, ongezeni nishati ya mpigo maradufu: kilele kikipanda mara mbili ni fotoni moja, mara nne ni mbili. Pimeni leza ikiwa hafifu, kwa sababu ikizidi ioni huisha na hesabu hiyo hudanganya. Msisahau kipenyo cha mwali: ukiubana kutoka milimita 5 hadi 0.5, ukali hupanda mara 100, ingawa kipima nishati kinasoma namba ileile.

Kosa tunaloliona baya zaidi liko kwenye kilele cha 64. Kifaa hupima tungamo likigawanywa kwa chaji, kwa hiyo naftalini nzima yenye chaji mbili huangukia 64, na kipande cha C5H4 chenye chaji moja nacho huangukia 64. Anayekisoma haraka ataita ionisheni kuwa ni uvunjikaji, au kinyume chake. Shahidi ni kaboni-13, aina ya kaboni iliyo nzito kwa kizio kimoja kuliko ya kawaida. Kwa kaboni kumi, kilele cha 129 huwa karibu asilimia 11 ya kile cha 128. Ioni hizo za 129 zikipata chaji ya pili huonekana kwenye 64.5, mahali ambapo kipande chenye chaji moja hakiwezi kukaa. Lakini wengi huchuja kitegoni wakabakisha 128 peke yake ili spektra iwe safi, na hapo wamemfukuza shahidi. Bakisheni 129 pia, na hakikisheni kifaa kinatenganisha nusu kizio. Kisha rudieni leza ikiwa imezimwa, na tena bila sampuli, maana mvuke wa mafuta ya pampu nao hutoa vilele vyake.

Tunaomba gazeti, linapochapisha habari za namna hii, liwaulize watafiti urefu wa wimbi, nishati ya kila mpigo, kipenyo cha mwali, na kama 64.5 ilitafutwa.

Ni sisi wasomaji wenu,
Wapimaji wa spektra za tungamo