Wakala wa ajira alipwe na mwajiri, si na mtafuta kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze yanayotupata watafuta kazi hapa Mbeya mikononi mwa baadhi ya mawakala wa ajira.

Nina stashahada ya kilimo. Msimu wa parachichi ulipokaribia, nilisikia kuna wakala pale Mwanjelwa anaandikisha watu wa kukagua ubora wa matunda kwenye kiwanda kimoja cha kufungasha huko Njombe. Kufika, nikaambiwa nilipe ada ya fomu, shilingi 10,000. Ikafuata ada ya usajili, 30,000, halafu ya kupima afya, na hospitali yenyewe sikupelekwa. Risiti niliyopewa ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari: haina namba ya mlipakodi wala jina la ofisi, imeandikwa kwa kalamu "mchango wa huduma", basi. Nilipouliza, dada wa mapokezi akanijibu, "Kaka, kama huna shida na kazi, wapishe wenzako."

Na wenzangu walikuwepo kweli, benchi zima, kutoka Kyela, Chunya hadi Ileje. Mmoja alisema mama yake ameuza mpunga wa chakula ili yeye apate hiyo ada. Hilo liliniuma kuliko fedha zangu.

Mwisho nilipanda basi hadi Njombe. Ofisa utumishi wa kiwanda akasema huyo wakala hawamjui. Vibarua wa msimu wanawachukua wenyewe, ukienda na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Niliporudi kudai changu, lugha ikageuka: eti sasa watatuajiri wao, watupeleke kwenye mashamba, na mshahara upitie kwao. Vyeti vyangu halisi walivyovichukua "kwa uhakiki" nilivipata kwa mbinde, baada ya kutaja polisi.

Mhariri, mambo haya yana sheria. Sheria ya Huduma za Ajira ya mwaka 1999 inamtaka wakala binafsi awe na kibali. Mwaka 2014 Serikali ilipiga marufuku mawakala kuajiri watu kisha kuwakodisha kwa kampuni nyingine, yaani kile kile nilichoambiwa mimi. Hata Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba namba 181 wa 1997, linasema mtafuta kazi asitozwe ada. Na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu anayehudumiwa na wakala ni mwajiri aliyekosa muda wa kutafuta watu. Wakala anayeishi kwa ada za wasio na kazi hana sababu ya kumpatia kazi mtu yeyote. Kwake, kadiri benchi linavyojaa ndivyo anavyopata.

Najua wapo mawakala waaminifu, na wao ndio wa kwanza kuchafuliwa jina.

Ombi langu ni kwa Ofisa Kazi wa mkoa. Aingie kwenye ofisi hizi bila taarifa, adai kibali na kitabu cha risiti, na orodha ya mawakala wanaotambulika ibandikwe kwenye kila ofisi ya serikali ya mtaa, ambako sisi sote tunapita kuchukua barua. Risiti yangu ninayo, na wenzangu kadhaa wamekubali kuandika maelezo akituita.

Mtafuta kazi,
Uyole, Mbeya