Picha ya kijana wa Eritrea

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu lilipouzwa shilingi tano na sijawahi kuwaandikia, hata mlipokosea jina la mtaa wetu mara tatu mfululizo. Taarifa yenu ya Jumatatu iliyopita, ile ya ibada ya kuwaombea Wakristo wanaoteswa kwa ajili ya imani, ndiyo iliyonishinda kunyamazia.

Sisemi ya kusikia, kwa maana mimi ni mmoja wa wazee wa usharika huo. Kijana wa Eritrea ambaye mliichapa picha yake, uso waziwazi na jina la mji aliozaliwa likiwa chini yake, hukaa benchi la nyuma, na nimempa mkono kila Jumapili kwa mwaka mzima. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Aliitwa mbele, akakabidhiwa bahasha na katoni ya unga, mpiga picha wenu akafanya kazi yake, na sisi tukapiga makofi. Je, katika chumba chenu cha habari hakuna hata mmoja aliyejua kwamba nchini kwake makanisa yote, isipokuwa ya Kiorthodoksi, Kikatoliki na Kilutheri, yalifungwa kwa amri ya serikali mnamo Mei 2002, kwamba waliokutwa wakisali majumbani walikamatwa na wengine wakafungiwa ndani ya makontena ya chuma, ambamo mchana ni tanuri na usiku ni baridi kali, na kwamba hata Patriaki Antonios, aliyekuwa mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Eritrea, ambalo ni miongoni mwa yaliyoruhusiwa, alifariki akiwa kizuizini Februari 2022? Kijana huyo ana mama aliyebaki huko. Alinijia jioni ya Jumatatu, si kulalamika, bali kuniuliza kama gazeti hili husomwa nje ya Kenya, nami, mtu wa miaka sabini na miwili, nikakosa la kumjibu, kwa sababu aliyemshika mkono na kumpeleka mbele nilikuwa mimi.

Maombi yenyewe yalichukua dakika mbili. Kabla yake mheshimiwa mmoja aliachiwa mimbari kwa dakika arobaini, akaeleza habari za barabara na kuahidi mabati ya ukumbi ambao tayari una paa. Hilo hamkuliandika.

Tunapenda kusingizia kwamba hatujui la kufanya. Desemba 2015, karibu na El Wak, Al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera wakawataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo, nao wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafa Januari 2016. Mwislamu huyo hakungoja azimio la kamati. Sisi, tunaoagizwa katika Waebrania 13:3 tuwakumbuke waliofungwa kana kwamba tumefungwa pamoja nao, tuliunda kamati ndogo ya keki.

Pendekezo langu ni hili. Kila usharika wa Nairobi uchukue familia moja ya waliokimbia kwa ajili ya imani yao, na Eastleigh hawakosekani. Kodi ya chumba ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba kwa miezi sita, bila kutajwa katika matangazo. Siku ya miadi katika ofisi ya wakimbizi wasindikizwe na wazee wawili, si wanne, wakiwa na chupa ya chai na mtu wa kutafsiri Kitigrinya. Wakiombewa hadharani, litajwe jina la kwanza tu, na ikiwa wenyewe hawataki, lisitajwe hata hilo. Mheshimiwa akitaka kuchangia, na abebe hiyo chupa ya chai.

Nimewapigia simu mara mbili nikaambiwa nitume barua. Basi barua ndiyo hii. Hadi ninapoiandika, picha ingali kwenye tovuti yenu. Iondoeni leo.

Mzee wa kanisa,
Nairobi