Barua kwa mabinti zangu wajawazito mlioko Ucheki, na waume zenu pia

Wanangu hamjambo. Naandika kuhusu kujifunza Kicheki, nikiwa na hasira na sitaki kuificha, mnivumilie, maana mwenye hasira hapa ni mtu anayewapenda.

Majuzi nilipigiwa simu saa tano usiku na mtoto wa miaka 9. Sio mama yake, ni mtoto mwenyewe, analia, anasema bibi njoo hospitali mama anatoka damu na mimi sijui nimwambieje daktari. Nikavaa koti juu ya dera nikachukua teksi. Nafika namkuta mwenzenu, mimba ya wiki 35, amekaa kwenye benchi la korido karibu saa nzima, kisa mtoto alipoulizwa mama ana nini alijibu mámu bolí břicho, yaani mama anaumwa tumbo. Kwa kadiri anavyojua yeye alisema kweli. Mtoto wa darasa la tatu nani kamfundisha kusema krvácení? Hata kwa Kiswahili mambo hayo hatumwambii! Mimi nilitamka neno moja tu, krvácí, anatoka damu, na nesi aliyekuwa nyuma ya kioo akanyanyuka hapohapo, kiti cha magurudumu kikaja, milango ikafunguka.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji, wao wanaita císařský řez, yuko hai na mama yuko hai, alhamdulillahi. Lakini alfajiri, yule dada mtu akiwa amelala mapajani kwangu, akaniuliza: bibi, ni mimi nilikosea? Swali hilo ndilo linaninyima usingizi mpaka leo.

Baba yake yuko nchi hii mwaka wa 11. Yuko shifti ya usiku kwenye ghala, Kicheki anakijua vizuri, anabishana na bosi wake kuhusu ovataimu mpaka bosi ananyamaza. Mke wake yuko hapa mwaka wa 6 na ukimuuliza anasema Kicheki kigumu mama, baba fulani huwa ananisaidia. Anakusaidiaje akiwa ghalani? Na uchungu unajua ratiba yake ya shifti? Halafu tunafanya nini sisi kama jamii, tunamfanyia sherehe ya mimba, tunachanga pesa, tunashona vitenge vya sare, keki ghorofa mbili, maputo, picha, na katika wanawake wote tuliokuwa pale, nikiwemo mimi, hakuna aliyemshika mkono akamuuliza mwenzangu, ukitoka damu usiku utasemaje?

Na hospitali nazo nazisema. Kumfanya mtoto mkalimani wa mama yake kwenye mambo ya uzazi ni kosa, na mtu mzima aliyevaa koti jeupe alitakiwa akatae. Wapo wanaoitwa interkulturní pracovníci, watu wa kuwasindikiza wageni kwa daktari na ofisini, watafuteni kwenye mashirika yanayosaidia wageni mjini kwenu, wengi ni watu wema sana. Ila hawalali kwako. Saa tisa usiku chupa ikipasuka mko wawili tu, wewe na Mungu, na namba 155 ya ambulensi.

Sisemi haya kwa kuwa nilizaliwa nakijua Kicheki. Nilikuja Brno mwaka 1987, nchi ikiwa bado Czechoslovakia, nikimfuata mume wangu aliyekuwa anasoma, na mtoto wa kwanza nilimzaa Januari 1988 nikiwa na maneno labda thelathini. Zamani hizo baba haruhusiwi kuingia, anasimama chini ya dirisha kwenye theluji unamuonyesha mtoto kwa juu, na mtoto mwenyewe hulali naye, analetwa amefungwa kama andazi kila baada ya saa 3 unyonyeshe kisha anarudishwa. Siku ya pili wameniletea, analia, nikamuuliza nesi kwa ishara, nimpe ziwa? Akajibu "no, no". Nikafunika kifua changu nikakaa namtazama mwanangu analia mpaka wakaja kumchukua. Kumbe "no" kwa Kicheki cha mdomoni ni ndiyo, ni kama kusema ee, haya. Alikuwa ananiambia ee, mpe mpe. Mwanangu leo ana watoto wake na mimi nikikumbuka kile kilio kifua bado kinauma. Basi lishikeni hilo la kwanza kabisa: no ni ndiyo, ano ni ndiyo, hapana ni ne.

Mnasema kigumu. Wanangu, nyie mna ngeli kichwani, mnasema mtoto huyu, mti huu, kitanda hiki bila kufikiri, mtu wa namna hiyo ndio atishwe na vile vibadiliko 7 vya majina ya Kicheki? Na maneno yenyewe si mageni kwetu kama mnavyodhani. Sisi tunasema mjamzito, wao wanasema těhotná, na ndani yake kuna tíha, ambayo ni uzito uleule. Nesi ni sestra, kama kwetu tunavyomwita sista. Mkunga leo ni porodní asistentka ila wazee wao walimwita porodní bába, na hapo muwe makini, kwao baba ni mwanamke. Ch isomeni kama kh ya kheri, č ndiyo ch yetu ya chai, j ni y, na mkazo uwe mwanzoni mwa neno sio karibu na mwisho kama tulivyozoea, mtoto mchanga ni MIminko. Ř itawashinda, iacheni iwashinde, watawaelewa.

Maneno ya kuokoa maisha ni machache na nataka muyajue kama mnavyojua majina yenu, bila simu, kwa sababu simu inaisha chaji na ule mtandao wa kutafsiri unahitaji utulivu ambao mwenye uchungu hana. Krvácím, natoka damu. Necítím pohyby, simsikii mtoto akicheza, na hili msingoje kesho, mseme siku hiyohiyo. Odtekla mi plodová voda, chupa imepasuka. Bolí mě hlava a vidím rozmazaně, kichwa kinauma na naona ukungu, maana kifafa cha mimba huwa kinapiga hodi hivyo. Mám kontrakce, nimeanza uchungu. Ukiwa leba utasikia tlačte, sukuma, na netlačte, usisukume, tofauti ni kale ka ne tu kwa mbele, mwenye kukakosa anaweza kujiumiza. Na la mwisho, nerozumím, sielewi. Acheni kuitikia kwa kichwa! Tumelelewa kwamba kumwambia mkubwa sielewi ni utovu wa adabu, sasa mtu anatia saini karatasi asiyoijua kwa kuogopa kumchosha daktari.

Hapa mimba inahesabiwa kwa wiki, týden, sio miezi, jifunzeni namba mpaka 42. Kadi ya kliniki ni těhotenská průkazka, isitoke kwenye mkoba. Hospitali ya kujifungulia, porodnice, jiandikisheni mapema. Daktari wa mtoto mtafuteni kabla hajazaliwa. Cheti cha kuzaliwa ni rodný list, kinatoka matrika, yaani ofisi ya usajili.

Ya mtoto mchanga: kojit ni kunyonyesha, plenka ni nepi, pupík ni kitovu, odříhnout ni kucheua. Nepije, hanyonyi. Má horečku, ana homa. Zvrací, anatapika.

Hapa kwenye ngozi naomba mnisikilize vizuri. Madaktari wengi hapa wamezoea watoto weupe. Umanjano wa kichanga, žloutenka, wanauona kwa kuangalia ngozi, na ngozi ya mtoto wako inauficha, kwa hiyo mfungue macho, angalia weupe wa jicho, angalia fizi, na ukiona njano sema má žluté oči. Halafu watoto wetu wengi wanazaliwa na mabaka ya bluu mgongoni chini na matakoni. Sisi hata hatushangai. Mtu asiyeyajua ataona modřina, alama ya kipigo, na ukishindwa kujieleza utaanza kuhojiwa kuhusu kitu alichokuja nacho kutoka tumboni. Sema to není modřina, narodil se s tím, akiwa wa kike narodila, na omba iandikwe kwenye faili siku ya kwanza. Na kama kwenu kuna selimundu, neno lake ni srpkovitá anémie, litajeni nyie wenyewe kabla ya kuulizwa, hapa sio ugonjwa wanaokutana nao kila siku. Vilevile chanjo ya kifua kikuu toka 2010 hawampi kila mtoto, wanampa aliye kwenye hatari, wanajua kwa kuwauliza kuhusu familia, sasa mkiitikia tu ne ne bila kuelewa swali mtoto anaikosa.

Baada ya hapo inakuja arobaini. Wacheki nao wanayo, inaitwa šestinedělí, wiki 6, na damu ile ya uzazi ni očistky, limetoka kwenye kusafisha, yaani bibi zao na bibi zetu waliona kitu kilekile. Ila kwetu Tanga arobaini ni watu. Mama anakukanda na maji ya moto, shangazi anakoroga uji wa pilipili manga, mtoto anapokelewa na mikono kumi. Hapa uko ghorofa ya nne, nje giza saa kumi jioni, mume kazini, unalia hujui unalilia nini. Ukituambia sisi wazee tunakujibu sali, mshukuru Mungu una mtoto. Tumekosea wengi kwa jibu hilo. Sali, ndiyo, na mwambie daktari je mi smutno, nemůžu spát, nina huzuni, silali. Na mtoto mfunge na kanga mgongoni utoke, Wacheki siku hizi wanawabeba wao kwa šátek na wala hawatakushangaa.

Nyie akina baba, mnaongea Kicheki kazini mkifika nyumbani mnakivua mlangoni na viatu. Dakika 20 kila siku, mezani, na mkeo atamke yeye, usimjibie.

Mimi niko nyumbani kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana, namba yangu mnayo. Njooni na kadi zenu na daftari, waume nao waje, nitapika. Na yule binti wa miaka 9 aletwe, wajukuu zangu watakuwepo, acheze nao chumba kingine mlango umefungwa.

Mama yenu, Brno