Barua kwa mdogo wangu anayekwenda kujitolea Nepal

Mdogo wangu mpendwa,

Mama amenieleza kwamba umechaguliwa kuwamo katika kundi la wanafunzi watakaokwenda kujitolea katika shule moja ya kijijini nchini Nepal, nami nimefurahi sana. Nakuandikia hadharani kwa sababu wapo vijana wengine walio na safari kama yako, na wapo wazazi wanaochanga nauli bila kuelezwa vizuri watoto wao wanakwenda kufanya nini huko mbali.

Shule yetu ilipotupeleka katika wilaya ya Gorkha, ilikuwa imepita miaka mitatu tangu tetemeko la ardhi la tarehe 25 Aprili 2015, lililokuwa na ukubwa wa 7.8 na kuua watu karibu 9,000. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, muda mfupi kabla ya saa sita mchana. Nchini Nepal wakati huo wanafunzi walisoma kuanzia Jumapili hadi Ijumaa na kupumzika Jumamosi, kwa hiyo maelfu ya madarasa yalianguka yakiwa matupu. Mwalimu aliyetueleza habari hiyo alikuwa amesimama juu ya msingi wa darasa alilofundishia, na baada ya kumsikiliza hakuna hata mmoja wetu aliyehitaji kuhimizwa kufanya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kubeba mawe, mchanga na maji. Ujenzi waliufanya mafundi waashi wa kijiji, na ni haki iwe hivyo, maana ukuta wa shule katika nchi ya matetemeko si mahali pa mwanafunzi kujifunzia kushika mwiko. Nyumba nyingi za zamani zilikuwa za mawe yaliyoshikanishwa kwa udongo, bila kitu cha kuzifunga pembe zake, ndiyo maana zilisambaratika. Ukuta mpya ulizungushiwa mikanda ya zege yenye nondo kwenye msingi, chini ya madirisha, juu ya milango na chini ya paa, ili ardhi ikitikisika jengo zima litikisike kwa pamoja. Ukikuta mradi ambamo wageni wasio na ujuzi ndio wanaojenga huku mafundi wa mahali hapo wakikaa bila kazi, uliza sababu, na uulize kwa sauti.

Nakwambia kwa dhati kwamba nauli ya mmoja wetu ingeweza kuwalipa mafundi wale kwa muda mrefu, kwa hiyo safari kama hii haiwezi kuhalalishwa kwa mawe tuliyobeba. Iliyoihalalisha, kwa maoni yangu, ni kazi ambayo mwalimu mkuu aliiomba mwenyewe kwa barua kabla hatujaondoka: kuzungumza Kiingereza kila siku na wanafunzi wa darasa la kumi waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa taifa. Wao walikuwa wamejifunza lugha hiyo darasani, na sisi vilevile, hivyo hakuna aliyemwonea mwenzake aibu, na swali lililoanza kwa kusitasita liliishia kuwa mjadala mrefu juu ya mashamba ya ngazi, ndugu walioondoka kwenda kufanya kazi nchi za Ghuba, na kalenda yao, iliyo mbele ya hii yetu kwa zaidi ya nusu karne, ambayo mwaka ule ilisoma 2075. Mwalimu wao ndiye aliyeongoza kipindi tangu mwanzo hadi mwisho, nasi tulifuata.

Jambo moja nakusihi ulikatae, hata kama limewekwa kwenye ratiba: kutembelea kituo cha watoto yatima. Watoto wengi katika vituo vya Nepal wana wazazi walio hai, na familia nyingi za milimani zilirubuniwa kuwatoa watoto wao kwa ahadi ya shule nzuri mjini Kathmandu, kwa kuwa mtoto aliyeitwa yatima huvuta wageni na michango. Baada ya tetemeko lile serikali ililazimika kuzuia watoto wasihamishwe kutoka wilaya zao bila wazazi au walezi walioidhinishwa. Mapenzi ya mgeni anayecheza na mtoto kwa mchana mmoja, kisha akaacha fedha, ndiyo yanayoiendesha biashara hiyo, na nia njema haibadilishi matokeo yake. Nimelitafakari hili kwa miaka mingi, na sioni njia ya kulilegeza.

Mengine ni mepesi. Viza ya utalii ya Nepal hairuhusu kazi, hata isiyo na malipo, kwa hiyo walimu wako wahakikishe mapema kibali kinachofaa. Msimu wa mvua huanza Juni na kuishia Septemba, na wakati huo maporomoko ya ardhi huziba barabara za milimani. Picha ya mtoto piga kwa ruhusa ya mzazi au mwalimu wake, kama ambavyo mama angetaka ufanyiwe wewe.

Kabla ya yote hayo, muombe mratibu wa safari akupe anwani ya mwalimu mkuu wa shule mnayokwenda, kisha mwandikie umuulize wanafunzi wake wanahitaji nini muhula huu na nani atakayeiendeleza kazi hiyo mkishaondoka. Jibu lake lisome mbele ya kundi zima, na ratiba ipangwe kutokana nalo. Ukihitaji msaada wa kuiandika barua hiyo, njoo tuiandike pamoja.

Ni mimi, dada yako