Maji kwanza, dawa baadaye: barua kwa Rehema wa Kigoma

Isevya, Tabora
Jumapili jioni

Rehema rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka Unyamwezini. Huku hatujambo, mama anakusalimu na anauliza lini utapanda treni uje. Barua yako imenifikia, na habari kwamba duka lako la dawa za mifugo pale Mwanga sasa lina chumba cha kutibia imenifurahisha mno. Hongera sana.

Unasema ng'ombe na mbuzi hawakusumbui, ila mbwa na paka wanakutoa jasho. Unasafisha jeraha, unapuliza dawa ya bluu, unachoma antibiotiki, na baada ya siku chache mwenye mbwa anarudi huku harufu imemtangulia mlangoni. Nakuelewa. Chuoni wanyama wadogo tuliwapitia juu juu, akili zote zikiwa kwa ng'ombe. Basi nikwambie ninavyoona mimi: maji yako ni machache, na dawa yako inawahi mno.

Juzi nililetewa mbwa wa mlinzi kutoka Ipuli, ameng'atwa shingoni na mwenzake usiku. Mwenyewe alinionyesha tundu moja dogo kama punje ya mahindi, damu imeshakauka. Alitaka nimpake dawa awahi kazini. Nikamwomba asubiri, nikanyoa. Manyoya yalipotoka yakaonekana matundu manne, na ngozi kati yake imevilia damu. Nilipomlaza kwa dawa ya usingizi nikaingiza koleo butu kwenye tundu la kwanza, likazama karibu lote, ncha yake nikaipapasa chini ya ngozi huko karibu na bega. Ngozi ya mbwa imelegea, unajua. Jino likishazama na aliyeng'ata akatikisa kichwa, juu panabaki kitundu, lakini chini ngozi imebanduka kwenye msuli, nyama imesagika, na humo ndani yamebaki manyoya, mate na udongo. Hiyo dawa yako ya bluu ingeishia juu ya ngozi.

Nilipanua tundu la upande wa chini ili maji yapate pa kutokea, nikaanza kumimina. Mwanzo yalitoka meusi yenye vinyweleo, kisha ya rangi ya damu, nikaendelea mpaka yakatoka kama yalivyoingia. Nyama iliyokufa, ile ya kijivu isiyotoa damu ukiikata, nikaiondoa kwa mkasi. Sikushona. Jeraha la kung'atwa usilishone siku ya kwanza hata mwenye mbwa akikubembeleza. Liache wazi lichuruzike, ulifunike kwa bandeji safi, na kama baada ya siku 3 hadi 5 ndani pamekuwa pekundu, safi, pasipo usaha, hapo ndipo ufikirie uzi.

Sasa maji yenyewe. Bora kuliko yote ni dripu ya maji ya chumvi. Ikikosekana, chemsha maji, utie chumvi gramu 9 kwa kila lita, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa, uyaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Mbwa aliyegongwa na bodaboda na kuburuzwa kwenye changarawe, usione haya kuanza na maji safi ya bomba, kwa sababu uchafu ule unamdhuru kuliko maji yasiyo na chumvi. Wengi hukadiria mililita 50 hadi 100 kwa kila sentimita ya urefu wa jeraha. Ukipiga hesabu utaona kikombe kimoja si kitu. Jeraha lililo wazi lisukumie maji kwa bomba la mililita 20 lenye sindano ya geji 18. Nguvu hiyo inang'oa uchafu bila kuumiza sana nyama. Ila kwenye tundu lisilo na pa kutokea usisukume kwa nguvu, utakuwa unaupeleka uchafu ndani zaidi.

Kabla ya kunyoa, jaza jeraha kwa ile jeli inayoyeyuka kwa maji, wanayotumia hospitali kwenye ultrasaundi. Manyoya yatanasa kwenye jeli, kisha unayaosha yote kwa mkupuo. Ni jambo dogo lakini limenipunguzia kazi ya kuokota vinyweleo kimoja kimoja kwa koleo.

Umeniuliza pia kuhusu spiriti na haidrojeni peroksaidi, ile inayotoa povu. Najua wateja wanalipenda povu, wanaona dawa inafanya kazi. Lakini inaua pia chembe hai zinazotengeneza nyama mpya, na spiriti ndiyo mbaya zaidi, juu ya maumivu yake. Ukitaka dawa ya kuua vijidudu, tumia klorheksidini iliyozimuliwa hadi asilimia 0.05: chukua ile ya asilimia 2, sehemu moja kwa sehemu 40 za maji safi. Isiguse macho wala isiingie ndani ya sikio. Au povidoni ayodini ya asilimia 10, uizimue mpaka ibaki na rangi ya chai ya rangi iliyo hafifu. Dettol mwachie mwenye kufua nguo, hasa kwa paka. Ini la paka halina uwezo wa kuvunja dawa za namna hiyo, na kwa kuwa anajilamba, utakachompaka nje atakimeza. Kwa sababu hiyohiyo mwenye paka asithubutu kumpa Panadol. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Andika hilo kwa maandishi makubwa ubandike ukutani, naomba sana.

Paka wana mambo yao mengine. Jeraha lao linajaza nyama polepole kuliko la mbwa, na lililoshonwa, ikifika siku ya 7, lina karibu nusu tu ya nguvu ya lile la mbwa. Usiharakishe kutoa nyuzi. Na madume wanaopigana usiku utaletewa wakiwa na jipu shavuni au kwenye shina la mkia: nyoa, tumbua sehemu ya chini kabisa, osha, acha wazi.

Kuna linaloniuma huku kwetu. Mbwa wa wawindaji na warina asali wa Sikonge hunaswa na mitego ya waya, na wanapoletwa mguu umeshakatwa mpaka kwenye mfupa, mainzi yameshataga, mabuu yanacheza. Nyumbani wamemwagia oili chafu, au ugoro, au dawa ya kuogeshea ng'ombe. Wanafanya kwa kumpenda mbwa wao, siwezi kuwagombeza. Lakini tumbaku ni sumu, inapenya kwenye jeraha na mbwa anaanza kutetemeka na kutapika. Dawa nyingi za kupe za ng'ombe zikimpata paka ndiyo mwisho wake. Mabuu ninayatoa kwa koleo moja moja, kwa subira, na maji mengi ya chumvi, na kesho yake natazama tena maana hujificha.

Kwenye vidonda hivyo vilivyooza ndipo ninapotumia asali. Usicheke, Rehema, asali si uganga. Sukari yake inavuta maji kutoka kwa bakteria, ina tindikali, na kimeng'enya kilichomo kinazalisha peroksaidi kidogo kidogo, kwa kiasi kisichounguza nyama. Hospitali zenye uwezo hutumia asali iliyouawa vijidudu kwa mionzi. Mimi nachukua ya mizinga ya magome ya hapa, kwa mrina ninayemwamini, isiyochemshwa wala kuchanganywa na sukari, naichuja, nalowesha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda. Kwa kuwa haijapita kwenye mionzi, siitii kwenye mashimo yenye mdomo mwembamba, naipaka pale tu nyama inapoonekana yote. Gozi nabadilisha kila siku, na kidonda kikivuja sana mara mbili, kwa sababu usaha unaizimua asali inapoteza nguvu. Nyama ikishakuwa nyekundu na yenye chembechembe naacha, nafunika tu kwa gozi lisiloganda.

La mwisho, na hili usilifanyie mchezo hata siku moja. Mbwa akiletwa ameng'atwa, vaa glovu, mfunge mdomo, uulize kwanza: aliyemng'ata anajulikana? Yuko wapi sasa? Huyu ana chanjo ya kichaa cha mbwa? Dalili huweza kuchukua wiki au miezi kujitokeza, na zikishatokea hakuna tiba, kwa mbwa wala kwa mtu. Mtoto wa mwenye mbwa akiwa na mkwaruzo, mwache mbwa hapo mezani, muoshe mtoto kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akachomwe chanjo. Halafu toa taarifa ofisi ya mifugo. Nakuomba na wewe mwenyewe uchome chanjo ya kinga kabla hujaendelea na kazi hii. Ukiniambia umeshachoma nitalala vizuri.

Kola za plastiki ulizosema huzipati huko, kata ndoo kuukuu ya lita 10, toboa matundu pembeni, uifunge kwa bandeji kwenye ukanda wa shingoni. Lainisha ukingo kwa plasta usimkate. Asiyevaa kola atalilamba jeraha lote usiku mmoja.

Nitampa yule kijana wa treni chupa mbili za asali Ijumaa. Zikifika zimeganda, ziweke kwenye maji ya vuguvugu tu, usizichemshe, kimeng'enya kitakufa. Na ukipata dagaa wakavu wasio na mchanga nitumie kilo mbili, mama amewataja tangu asubuhi.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Dada yako wa Isevya